Kifaa "Kisicho na Kazi" Kwenye Injini ya Beetle

Umerithi Volkswagen Beetle ya babu. Unaipeleka gereji, fundi anafungua kifuniko cha nyuma, anatoa kifaa hiki, anatoa na kile, anakuambia: "Hivi ni vya baridi ya Ulaya, hapa kwetu havina kazi." Gari linawaka, linatembea, umeokoa hela. Halafu asubuhi moja unaingia kipilefti, lori liko nyuma yako, unakanyaga mafuta, na gari linasita.

Imekuwaje? Tuangalie vifaa vitatu ambavyo huondolewa sana.

Thamostati

Injini ya Beetle haina rejeta. Inapozwa na feni inayopuliza hewa kwenye silinda zake 4. Sasa, injini ikiwa ya baridi hutaki ipozwe tena, si ndiyo? Ndiyo maana kuna thamostati, kikopo chenye mikunjo kilichofungwa chini ya silinda. Kikiwa baridi kimejikunja, na vibao vinavyozuia hewa ya feni vimefungwa. Joto likifika kama nyuzi 65 hadi 70, kinatanuka na vibao vinafunguka.

Ukikiondoa, vibao vinabaki wazi muda wote. Injini inachelewa kupata moto. Petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inashika kwenye kuta za silinda na kuosha oili inayolinda pistoni. Unatumia choki muda mrefu, gari linakunywa mafuta, injini inalika taratibu bila wewe kujua.

Wengi hukiondoa wakiogopa kwamba kikiharibika gari litachemka. Lakini kimeundwa kwa namna ambayo kikitoboka kinatanuka chenyewe na kuacha vibao wazi. Hofu hiyo waliotengeneza gari walishaifikiria.

Bomba la joto

Pembeni ya bomba linalopeleka mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye silinda kuna bomba jembamba linalopitisha moshi wa moto wa eksozi. Likiziba kwa masizi, wengine hulikata tu.

Kumbuka nesi anapokupaka spiriti kabla ya sindano: ngozi inapoa ghafla, kwa sababu spiriti ikigeuka mvuke inachukua joto lako. Petroli ndani ya kabureta inafanya vilevile, na hewa inaweza kupoa kwa nyuzi 20 au zaidi. Sasa chukua asubuhi ya ukungu Njombe au Limuru, nje nyuzi 12. Unyevu unaganda kuwa barafu mle ndani, ingawa nje hakuna barafu hata chembe! Gari linakohoa, linazima. Ukisubiri dakika chache, joto la injini linayeyusha barafu na gari linawaka kama kawaida. Fundi akifungua kabureta, haoni kitu.

Distributa

Injini ikiwa haina mzigo mkubwa, mchanganyiko huungua polepole, hivyo cheche inatakiwa itangulie zaidi. Distributa nyingi za asili za Beetle zina kipira kilichounganishwa na kabureta kwa mpira mwembamba. Ukigusa tu pedali, kipira kinahisi mvuto wa hewa na kusogeza cheche papo hapo. Zile zisizo na kipira hutegemea vyuma vidogo vinavyotanuka injini ikizunguka kasi. Yaani zinasubiri kasi ije kwanza. Unapoondoka kutoka kusimama, kasi bado haipo. Kusita kwako pale kipilefti mara nyingi kunaanzia hapo.

Kwa nini fundi hakuona?

Kwa sababu vifaa vyote vitatu hufanya kazi kwenye mabadiliko: baridi kwenda moto, kusimama kwenda kuondoka, hewa kavu kwenda ukungu. Fundi alijaribu gari mchana, injini ikiwa na moto. Hapo hakuna tofauti kubwa, hasa kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa.

Si kila badiliko ni baya. Ukiondoa platini ukaweka mfumo wa kielektroniki, kazi ya kuamuru cheche bado inafanyika, tena bila platini kulika. Kwa hiyo, kabla kifaa hakijatoka, muulize fundi: kilikuwa kinafanya kazi gani, na kuanzia leo nani ataifanya? Kama jibu ni "hakuna," mwambie akirudishe. Na kama kimeshakufa, kihifadhi kwenye boksi hadi upate kingine.