Theluthi Mbili ya Nani?

Tuseme kikundi cha akiba na mikopo cha Ng'ambo kina wanachama 90. Mkutano umeitwa baada ya sala ya Alasiri na wamefika 48. Hoja ni kupandisha mchango wa kila mwezi. Mikono inanyooshwa: 20 wanataka, 16 hawataki, 12 wamekaa kimya. Je, hoja imepita?

Katibu atasema imepita, maana 20 ni zaidi ya 16. Mwanachama aliyekaa nyuma atasema haikupita, kwani 20 haifiki hata nusu ya waliomo ukumbini. Wote wawili wanajua hesabu. Wanachogombania ni hesabu ya nani. Katiba ya kikundi ikisema "wingi wa kura zilizopigwa", katibu ndiye mwenye haki. Ikisema "wingi wa waliohudhuria", zilitakiwa kura 25. Ikisema "wanachama wote", zilitakiwa 46, na hoja imeanguka vibaya. Wale 12 walionyamaza wakidhani hawakumpendelea mtu, kwa kanuni ya kwanza hawahesabiwi, lakini kwa hizo mbili nyengine ukimya wao ni kura ya hapana.

Akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali, nayo ina mtego wake. Kama ni nusu ya wanachama, yaani 45, mkutano ulifunguliwa kihalali. Adhana ya Magharibi ikikaribia, wanne wakaondoka, wamebaki 44. Katiba nyingine hutaka akidi itimie wakati wa kufungua tu, nyingine hutaka iwepo hadi kura inapopigwa.

Mfano mkubwa wa hesabu hizi ni Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014. Sheria ilitaka rasimu ya katiba ipitishwe kwa theluthi mbili ya wajumbe wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wote wa Zanzibar, kila upande peke yake. Wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walipotoka ukumbini Dodoma tarehe 16 Aprili, viti vyao havikutoka katika hesabu. Kwa upande wa Zanzibar, ambako wajumbe walikuwa wachache, kila kura ikawa inatafutwa kwa tochi, mpaka kanuni zikarekebishwa ili hata waliokwenda Hija wapige kura zao hukohuko. Tarehe 2 Oktoba ikatangazwa kuwa theluthi mbili imepatikana pande zote mbili, na mabishano juu ya hesabu hiyo hayakwisha siku ile.

Sharti la pande mbili halikuzuka 2014. Ibara ya 98 ya Katiba ya Muungano inalo kwa baadhi ya mambo mazito, kwa sababu hesabu moja ya jumla ingewameza Wazanzibari. Chama chenye tawi kubwa Unguja na dogo Pemba kingefaa kulifikiria. Kura ya maoni ya Zanzibar ya tarehe 31 Julai 2010, iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ilikwenda kinyume, ikahesabu kura zilizopigwa tu: asilimia 66.4 ya waliopiga kura walisema ndiyo, na aliyebaki nyumbani hakuwa na uzito wowote.

Limebaki suala la sare. Uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961 ulikuwa na viti 22, vikagawanywa baina ya vyama vitatu: ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. ZPPP ikapasuka, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP. Ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuundika. Ikabidi kiti cha 23 kiongezwe na uchaguzi urudiwe Juni, uchaguzi uliozaa ghasia na vifo.

Vyama vingi hukwepa balaa hilo kwa kumpa mwenyekiti kura ya turufu. Hapo pana jambo la kuuliza mapema: anaitumia badala ya kura yake ya kawaida, au juu yake? Mimi naona kumpa mtu mmoja kura mbili ni kumzidishia. Sare maana yake hoja haikupata wingi, kwa hiyo mchango ubaki uleule hadi mkutano mwengine.