Nafasi ya mzazi na mtoto ni ya nani?

Uingereza, supamaketi nyingi hutenga maegesho ya wazazi wenye watoto wadogo. Huwa mapana na karibu na duka, kusudi mlango wa gari ufunguke wote mtoto atolewe kitini, tena asikatize katikati ya magari. Hiyo ni hisani ya mwenye duka, si sheria. Maegesho ya watu wenye ulemavu ni jambo jingine: Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inawapa haki ya kufika kila mahali ipasavyo. Hayo tusiyaguse.

Basi nafasi ya mtoto ni ya nani? Kwangu mimi, ni ya aliye na mtoto mdogo garini saa hiyo. Ukimwacha kwa bibi yake, nafasi si yako. Wa sekondari naye atembee.

Lakini huku Likoni, Kisauni na Changamwe, kina mama wengi huja kwa tuktuk, mtoto mapajani. Maduka yetu yakiiga, yasiige nusu. Tuktuk nayo iruhusiwe kusimama pale, ishushe mama na mwanawe, iondoke. Anayehifadhiwa ni mtoto, si gari.