Mzee wa kazi, usirudi nyuma mbele ya mashini inayojibu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu huko Rugenge ukingoja mume arudi kutoka machimboni,

Siku hizi telefoni inaulizwa swali nayo inajibu kama mtu. Unaiomba barua ya kuomba konji, inakuandikia. Unaipiga picha karatasi ya Kifaransa, inakueleza kwa Kiswahili maneno yaliyomo. Katika ofisi nyingine za machimbo inafupisha ripoti za ajali, na katika magari makubwa inamtazama dereva machoni, ikiona anasinzia inampigia kelele. Kitu hiki kinaitwa akili bandia. Ndugu zetu wa Tanzania wanakiita pia akili mnemba. Vijana wamekizoea upesi. Lakini mzee mwenye miaka 20 au 30 ya kazi, mara nyingi akiletewa telefoni anaisukuma na kusema: "Hiyo ni mambo ya watoto. Mimi nimekwisha zeeka."

Leo tunataka kusema na mzee huyo. Tutasema pia na kapita wake na mtoto wake, maana nao wana sehemu yao katika jambo hili.

Pengine utauliza: neno hili linaingiaje katika ukurasa wa usalama? Linaingia hivi. Mzee akirudi nyuma, kijana anabaki peke yake na mashini. Kijana anajua kuuliza, lakini hajui jibu likiwa baya. Mzee angelijua jibu baya mara moja, lakini yeye haulizi. Hapo katikati yao ndipo ajali inapopita.

Tutazame kwanza mashini hii inajuaje mambo. Wenye kuitengeneza waliilisha maandishi mengi sana, vitabu na magazeti na barua, kuliko mtu anavyoweza kusoma katika maisha elfu. Kutokana na hayo ilijifunza neno gani hufuata neno gani. Ukiiuliza, inaunganisha maneno yanayofanana na jibu. Mara nyingi jibu ni la kweli. Mara nyingine ni la uongo, na uongo huo unasemwa kwa sauti ileile ya utulivu, bila aibu. Haidanganyi kwa ubaya. Haina macho shimoni mwako, basi.

Chukua dari ya shimo. Ukiuliza namna ya kujua kama dari ni nzima, mashini itakuambia maneno mazuri: tazama nyufa, tazama maji, tazama vipande vilivyoanguka. Vizuri. Lakini wewe unachukua mtaimbo na kugonga. Mwamba mzima unalia kwa sauti kali, kama kengele. Mwamba uliokwisha kuachana na mwenzake unajibu kwa sauti nzito ya ngoma, na mkono unasikia mtetemeko. Mashini inaweza kukueleza habari za sauti hizo mbili, kwa sababu ziliandikwa vitabuni. Kuzisikia katika dari yako, leo asubuhi, baada ya mvua ya usiku, haiwezi.

Na mvua si jambo dogo. Tunakumbuka Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilipoyajaza mashimo ya dhahabu yakaporomoka, na watu wapatao 50 wakaripotiwa kufa. Sisi wa Uvira tulikuwa tumekwisha kuona mwezi wa Aprili mwaka uleule maji ya Mulongwe yalivyobomoa nyumba. Mtu aliyeona mambo hayo ana habari kichwani ambazo hazimo katika telefoni ya mtu yeyote.

Basi mzee asifikiri kwamba anaingia katika shule hii mikono mitupu.

Lakini uzoefu peke yake hautoshi, ni lazima tuseme hivyo pia. Mwaka 2023, huko New York, mwanasheria mwenye miaka zaidi ya 30 ya kazi aliitumia akili bandia kutafuta hukumu za zamani za kumsaidia mteja wake. Mashini ikampa hukumu kadhaa, na majina na tarehe. Aliiuliza kama hukumu hizo ni za kweli, ikamjibu ndiyo. Hazikuwako. Jaji akawatoza yeye, mwenzake na ofisi yao faini ya dola 5,000. Mwanasheria huyu hakukosa akili wala miaka. Alikosa mtu wa kumweleza mapema kwamba mashini hii inaweza kutunga, na kwamba kuiuliza yenyewe kama inasema kweli si uchunguzi. Kumbe hofu nyingi na imani nyingi ni watoto wa mama mmoja: wote wawili wanazaliwa pale ambapo mtu hakuelezwa kitu kinavyofanya kazi.

Sasa tuje kwa mwili. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu tunaona wazee wengi wanaitwa wagumu wa kichwa na ugumu haumo kichwani hata kidogo.

Kuanzia karibu miaka 40 au 45, jicho la kila mtu linapoteza nguvu ya kuona vitu vya karibu. Si ugonjwa, ni umri. Mtazame mzee anaposoma karatasi: ananyoosha mkono, anaipeleka mbali. Telefoni ina herufi ndogo kuliko karatasi. Mtu anaona ukungu, anabonyeza mahali pasipo, telefoni inafungua kitu kingine, watoto wanacheka. Kesho yake anasema haipendi telefoni. Mzee huyu anahitaji miwani ya kusomea. Hata kabla ya miwani, kuna mahali ndani ya telefoni pa kukuza herufi. Mtoto anaweza kulifanya hilo kwa dakika moja, nasi tunashangaa watoto wangapi hawajamfanyia baba yao.

Tena kuna mkono. Kioo cha telefoni hakisikii nguvu ya kidole. Kinasikia umeme mdogo sana unaopita katika ngozi. Kidole kilichoshika mtaimbo na sululu miaka 25 kina ngozi nene na kavu kama soli ya kiatu, na kioo mara nyingi hakikioni. Mzee anabonyeza, hakuna jibu; anabonyeza kwa nguvu zaidi, bado hakuna. Anaona mashini inamkataa. Ndugu, jaribu upande wa kidole, au kidole kidogo chenye ngozi laini. Nawa mikono kwanza, ujipanguse, uache unyevu kidogo. Kuna pia kalamu za kugusia kioo. Lakini kama vidole vyenyewe vina ganzi, vinachomachoma usiku, na kifungo cha shati kinakushinda kufunga, hilo ni jambo jingine. Kwa mtu aliyeshika mashini ya kutoboa mwamba miaka mingi, mtetemeko unaweza kuwa umeharibu mishipa ya mkono. Nenda kwa muganga, usingoje.

Na sikio? Kelele ya machimbo huharibu kwanza sauti nyembamba. Mtu anasikia kwamba kuna mtu anasema, lakini herufi kama s, f na t zinampotea. Sauti ya telefoni ni nyembamba yenyewe. Kwa hiyo mfundishe mzee mahali penye utulivu, si karibu na jenereta, umtazame usoni unaposema naye. Na vile vitu vya kutia masikioni vya kusikilizia telefoni, hata mara moja visiingie kazini. Mtu aliyevaa hivyo hasikii honi, wala mwamba unaolia, wala mwenzake anayeita.

Wengine wanachoka kuandika. Hao waambiwe kwamba telefoni nyingi zinakubali kusemewa kwa Kiswahili, nazo zinaandika zenyewe. Zimejifunza zaidi Kiswahili cha Tanzania na Kenya, hivyo Kiswahili chetu cha Uvira, chenye Kifaransa ndani na Kifuliiru au Kibembe pembeni, kinazisumbua. Ikiandika vibaya, cheka, useme tena polepole. Ndiyo yenye kukosa, si wewe.

Namna ya kumfundisha mzee tunaiona hivi. Telefoni ikae mkononi mwake tangu mwanzo mpaka mwisho. Kijana akiinyakua na kusema, "Leta, baba, nikuonyeshe," vidole vyake vinakimbia, mzee anatazama tu na hajifunzi kitu. Aseme: "Baba, gusa pale juu, kwenye alama ya kipaza sauti." Halafu angoje. Kungoja ndiyo kazi ngumu ya mwalimu. Na swali la kwanza liwe la jambo ambalo mzee analijua kuliko wote. Aliyekuwa mtu wa baruti aulize habari za baruti isiyolipuka. Fundi wa pampu aulize pampu inayovuta hewa. Mashini itajibu, na mzee atasema: "Hapa imesema kweli. Hapa imeacha jambo. Na hapa, mwanangu, ukiifuata utakufa." Siku mzee anapoikamata mashini katika kosa lake la kwanza, hofu inapungua sana. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeikagua.

Wewe kapita, usiwaite wazee mbele ya vijana kuwajaribu. Wafundishe wawili wawili, mzee na kijana, saa moja, na tena juma lijalo. Wala usiyachukue majina ya wenye kusuasua ukayapeleka ofisini. Ukifanya hivyo mara moja, hakuna mzee atakayekuuliza swali tena, na wewe utakuwa umenunua ukimya.

Kuna hofu moja ambayo hatutaificha: "Mashini itachukua mkate wangu." Tutazame hapahapa Kongo. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, jimbo la Haut-Uélé, uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2013, kuna mashini za kuzoa mawe zinazokwenda zenyewe zaidi ya mita 700 chini ya ardhi. Anayezisimamia anakaa juu, katika chumba chenye vioo vya kuonyesha picha, na mtu mmoja anaweza kusimamia zaidi ya mashini moja. Kweli, mtu hayumo tena katika vumbi na chini ya dari. Na kweli pia, kazi ile haihitaji tena dereva mmoja kwa kila mashini. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, na anayekuambia moja tu anakuficha. Swali la nani atafundishwa kazi mpya na nani ataachwa, wajumbe wa wafanyakazi waliulize mapema, kabla mashini hazijafika. Na kwa usalama: mahali mashini za namna hiyo zinapofanya kazi pamefungwa kwa vizuizi vinavyozisimamisha mtu akipita. Usiviruke, usivizime, hata kama unaona njia ni tupu.

Jambo la namna hii si geni kwa wachimbaji. Uingereza walishuka na ndege wadogo wa kanari ili kujua hewa yenye sumu, mpaka mwaka 1986, ndipo vyombo vya umeme vikachukua mahali pao. Wazee wa huko waliwapenda ndege wao, lakini walijifunza kusoma chombo.

Mwisho tuongee habari ya kifua. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali akili bandia isome picha za kifua za watu wenye miaka 15 na zaidi, kutafuta dalili za kifua kikuu. Ni msaada mkubwa mahali ambapo muganga wa kusoma picha yuko mbali. Lakini vumbi la mawe linaacha makovu katika mapafu, ugonjwa tunaouita silikosi, na aliye nao anapata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Makovu ya zamani yanaweza kuichanganya mashini. Yenyewe inaona picha tu, haijui kwamba ulitoboa mwamba mkavu miaka 18 bila maji. Kwa hiyo ukipigwa picha, umwambie muganga mwenyewe: nilifanya kazi mahali hapa, miaka hii, na mashini ya namna hii. Mama, kama mzee ni mvivu wa kueleza, yaandike wewe kwenye karatasi aende nayo. Na mashini ikisema hakuna kitu, lakini kikohozi kimepita majuma mawili, au unapungua uzito, au unatoka jasho usiku, urudi ukapimwe makohozi.

Karatasi hiyo ya muganga usiipige picha na kuiweka katika programu ya kujibu maswali ili ikueleze, kabla hujaficha jina na namba yako. Ramani za mgodi na majina ya wenzako walioumia usiviweke kabisa. Ukiviweka humo, hujui vitasomwa na nani.