Mawe manne ya mizani, na jinsi ya kugundua unapunjwa

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee hesabu. Najua wengine mlishaikimbia tangu shule ya msingi, lakini hii inagusa mfuko wako, kwa hiyo vumilia.

Chukua mizani ile ya zamani ya vitanga viwili. Muuza mahindi ana mawe manne tu: la kilo 1, 3, 9 na 27. Anadai anapima kilo yoyote kamili, kuanzia 1 mpaka 40. Muongo? Hapana, ni kweli kabisa. Siri ni kwamba jiwe linaweza kukaa hata upande wa mahindi. Unataka kilo 5? Anaweka la 9 upande mmoja, la 3 na la 1 anayaweka pamoja na mahindi. 5 na 3 na 1 ni 9, vitanga vinalingana.

Hapo tumeshaandika namba kwa mtindo mwingine bila kujua. Sisi tumezoea makumi: moja, kumi, mia, elfu. Huku kila nafasi ni mara tatu ya iliyo kulia kwake, na alama ni tatu tu: + (jiwe liko ng'ambo ya mzigo), − (liko na mzigo) na 0 (halikutumika). Kwa hiyo 5 ni + − −. Na 17 je? Ni 27, toa 9, toa 1, yaani + − 0 −.

Kwa nini ikomee 40? Kila jiwe lina nafasi tatu, na mawe ni manne: 3×3×3×3 ni 81. Mpango mmoja ni mizani tupu, 40 ni za kupimia, na 40 zilizobaki ni zilezile zilizogeuzwa, yaani namba hasi. Hakuna mpango unaojirudia, maana yake kila uzito una njia moja tu.

Sasa njoo kwenye mfuko wako. 1, 3, 9 na 27 zote ni witiri. Ukijumlisha au kutoa witiri mbili unapata shufwa, zikiwa tatu unapata witiri. Kwa hiyo usihangaike kujumlisha, hesabu mawe tu! Akitumia mawe matatu halafu akakwambia "kilo 18 hizo mama", simama hapo hapo. Mawe matatu hayawezi kutoa 18, hata ayapange vipi. Ama kakosea, ama unapunjwa. Ila angalizo: jibu likiwa 19 huo ujanja haukuthibitishii kwamba ni sahihi. Unakamata baadhi ya makosa, sio yote.

Msidhani ni mchezo wa sokoni tu. Mwaka 1958, Chuo Kikuu cha Moscow, timu ya Nikolay Brusentsov iliunda kompyuta iitwayo Setun iliyofanya kazi kwa alama tatu badala ya 0 na 1. Raha yake ni kwamba namba hasi haihitaji alama ya ziada mbele: unageuza tu + kuwa − na − kuwa +. Zilitengenezwa kama 50 hivi, uzalishaji ukasimama 1965.

Kwa hiyo kumi sio amri, ni mazoea ya vidole vyetu. Haya, kazi kwenu: kilo 23 unazipima vipi kwa mawe hayo manne? Mwenye jibu aliweke hapo chini, na asitumie kalkuleta!