Sikiliza sauti ya ndani kabla mwili haujapiga kelele

Ndugu msomaji unayebeba boksi hapa England, ni lini mara ya mwisho ulikaa kimya bila simu, bila TV, bila kuwaza shifti ya kesho? Mchana kazi, jioni watoto, usiku wa nyumbani wanapiga: ada, dawa, msiba. Katikati ya makelele hayo kuna sauti ndogo inakuambia, nimechoka, silali, moyo mzito. Wengi wetu tunaijibu "nitapumzika nikirudi nyumbani", na miaka inakwenda.

Jaribu hivi. Ukitoka kazini, kabla hujafungua WhatsApp, kaa dakika 10 peke yako. Hata kwenye basi inawezekana. Vuta pumzi taratibu, jiulize: leo naumwa wapi, naogopa nini? Anayesali anaweza kubaki kidogo baada ya sala. Siku za mwanzo utasikia bili tu, usikate tamaa!

Lakini kama huzuni au kukosa hamu ya mambo unayoyapenda kumezidi wiki 2, huo si uvivu, wala usikimbilie kusema umerogwa. Nenda kwa GP. Kujiandikisha hakudai kibali cha uhamiaji, na ukiomba mkalimani hulipi. Unaweza pia kuomba mwenyewe tiba ya mazungumzo ya NHS, bila kupitia kwa GP. Ukihisi kutaka kujidhuru, piga 111 uchague namba 2, usiku au mchana. Kifua kikibana ghafla, usingoje shifti iishe: piga 999.