Programu Huria: Hidaya Iliyo Halali

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake. Sultani huyo ndiye aliyeupanua Msikiti Mkuu wa Kisiwani, ulioanzwa na waliomtangulia. Na katika karne ya 15 wakaja wengine wakatengeneza palipobomoka. Wa kwanza hakumfungia mlango wa baadaye.

Wasomaji wetu wapenzi, kazi ya namna hiyo ipo hata katika mambo ya kompyuta.

Programu ni maagizo yaandikwayo na wajuzi ili kompyuta ifanye kazi. Nyingi huuzwa, na maandishi yake hufichwa. Lakini ziko ziitwazo programu huria, ambazo watungaji wake wametoa ruhusa nne: kuzitumia, kuyasoma maandishi yake, kuyarekebisha, na kumgawia mwenzio. Mathalan Linux, iliyoanzwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, na LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu, iliyoanzishwa mwaka 2010.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Kilwa na Lindi? Kwa sababu si siri kwamba kijana hununua kompyuta iliyokwisha tumika, kisha akatiliwa programu za kuuzwa zilizonakiliwa bila idhini ya wenyewe. Akiuliza, huambiwa kwamba kila mtu afanya hivyo. Je, mtoto akileta nyumbani korosho za shamba la jirani, tutamwambia azile kwa kuwa wengine nao wala? Tena nakala hizo mara nyingi huja na virusi, vikaharibu kazi ya mwaka mzima. Ya nini kuchukua kwa siri, na hali iko iliyotolewa kwa radhi?

Faida nyingine ni lugha. Kwa kuwa maandishi yako wazi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kuifasiri OpenOffice kwa Kiswahili, wakaitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakungoja tajiri wa mbali aamue kama Kiswahili kina faida ya biashara.

Lakini hatusemi kwamba hazina taabu. Yahitajika subira ya kujifunza, na fundi apewe ujira wake. Wala ruhusa hizo hazikosi masharti. Na Mwislamu hutimiza masharti aliyoyakubali.

Basi, enyi wazazi, mnapomnunulia mtoto kompyuta, mwambieni fundi atie programu huria. Nanyi vijana, mmoja wenu ajifunze, kisha awafundishe wenziwe wa madrasa. Akifika pa kurekebisha neno moja la Kiswahili lililokosewa, naye atakuwa ameweka jiwe lake ukutani.

Wabillahi tawfiq.