Tairi Kuliwa Upande Mmoja: Sababu Zake na Dawa Yake

Mwenye pikapu wa Molo au Njoro anunuapo tairi jipya hutarajia kwamba litamtumikia siku nyingi. Lakini mara nyingi huona, baada ya miezi michache, kwamba upande mmoja wa tairi umekuwa kipara, na upande wa pili meno yake yangali marefu. Lawama humwangukia aliyeliuza, au barabara, au dereva. Kisha hununuliwa jingine, hufungwa pale pale, nalo huliwa vile vile. Fedha ya mavuno hupotea hivyo. Na lililo baya zaidi, tairi la namna hiyo laweza kupasuka katika mteremko wa kushukia Nakuru, pikapu ikiwa imejaa viazi.

Tairi lililolika vibaya huonyesha lenyewe palipo na kasoro, iwapo mtu atalitazama kabla ya kulitupa. Likilika katikati na kingo zake zikabaki nzima, lilijazwa upepo kupita kiasi. Zikilika kingo zote mbili, upepo ulipungua. Ukilika ukingo mmoja tu, gurudumu limeinama au halielekei mbele sawasawa. Mtu akipitisha kiganja juu ya meno akaona ni laini, na akirudisha mkono yakamkwaruza kama msumeno, ni dalili kwamba magurudumu ya mbele yanaelekeana mno au yanaachana mno. Vishimo vilivyopangana kuzunguka tairi aghalabu hutokana na shokomzoba zilizochoka, yaani vile vyuma vizuiavyo motokaa isirukeruke.

Katika pikapu, jambo la kwanza kuchunguzwa ni mzigo. Pikapu nyingi za wakulima zimeundwa kuchukua tani moja hivi. Magunia 20 ya viazi ya kilo 50, kipimo kilichoagizwa na sheria ya Kenya, ni tani moja kamili. Lakini gunia la lumbesa, lile lililoongezwa kichwa juu, hupita kilo 100, na mwenye pikapu ahesabuye magunia bila kuhesabu kilo hujikuta amepakia tani mbili akidhani ni moja. Hapo springi za nyuma hulala, pua ya motokaa huinuka, na magurudumu ya mbele hubadili jinsi yalivyosimama. Matairi ya nyuma nayo hubonyea, yakakanyaga kwa kingo zake na kupata moto. Mtu huyu aweza kuipeleka pikapu kwa fundi mara tatu, ikanyooshwa ikiwa tupu, na kila ipakiwapo ikairudia hali ile ile. Kwamba lumbesa humpunja mkulima katika bei, hilo lajulikana na wote. Ni wachache wakumbukao kwamba hula matairi pia.

Upepo nao hufuata mzigo. Kipimo kitakiwacho huandikwa katika kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva au karibu nao, na katika pikapu nyingi matairi ya nyuma yana vipimo viwili, kimoja cha wakati wa kuwa tupu na kingine cha wakati wa mzigo. Dereva ajazaye kwa ajili ya mzigo siku ya Jumatatu, kisha akazunguka mjini na pikapu tupu juma zima, atayaona matairi ya nyuma yakilika katikati. Upimaji ufanywe asubuhi kabla ya safari. Tairi lililotoka Naivasha mbio mchana wa jua laweza kuonyesha ratili 4 au zaidi, yaani paundi kama mafundi wasemavyo, kupita kipimo chake cha kweli. Apunguzaye upepo wakati huo hubaki na tairi legevu likisha kupoa.

Ikiwa mzigo na upepo ni sawa, ndipo yatazamwe magurudumu ya mbele. Pikapu isimame mahali tambarare, usukani umenyooka. Alama ya chaki itiwe katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwa kimo ambacho futikamba yaweza kupita chini ya injini, na watu wawili wapime nafasi iliyo kati ya alama hizo. Kisha pikapu isukumwe mpaka alama zifike upande wa nyuma kwa kimo kile kile, zipimwe tena. Tofauti ifaayo kwa kawaida ni milimita chache tu. Ikifika milimita 10, tairi la kipenyo cha sentimita 70 huwa kama linaloburutwa kando meta 7 katika kila kilometa. Kutoka Nakuru hadi Nairobi, mwendo wa kilometa 160 hivi, hayo yapita kilometa moja nzima ya kuburutwa.

Kabla ya kulipia kunyooshwa kwa mashine, mbele painuliwe kwa jeki na kuegemezwa imara. Gurudumu likishikwa kushoto na kulia likacheza, viungo vya usukani vimelegea. Likishikwa juu na chini likacheza, ni boljointi au beringi. Vilivyolegea vibadilishwe kwanza, maana kunyoosha juu yake ni kutupa fedha: shimo la kwanza barabarani litavirudisha vilivyokuwa. Usukani pia ukatwe mpaka mwisho, na ukingo wa ndani utazamwe kwa tochi, kwa kuwa apitaye kando huona ule wa nje tu.

Kasoro ikisha kutengenezwa, matairi yahamishwe kila kilometa 8,000 au 10,000. Katika pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ya nyuma huja mbele upande ule ule, na ya mbele huenda nyuma kwa kupishana, isipokuwa matairi yenye mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka. Kuhamisha kabla ya kutengeneza huleta vipara vinne badala ya viwili.

Tairi ambalo nyuzi zake zimeonekana lisihamishwe popote, wala lisiwekwe kuwa spea. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, hutaka matairi yawe katika hali isiyohatarisha wengine barabarani. La namna hiyo apewe fundi wa akala.